Watu kama Miti: Upofu wa Kiroho na Historia ya Meru

Katika mahubiri mengi ya Arusha siku hizi, kuanzia Elerai hadi Usa River, kufunguliwa macho ya rohoni ni kuona yaliyofichika: adui anayeroga, kifungo cha ukoo, baraka iliyocheleweshwa. Sikatai kwamba Biblia inajua maono. Ninachohoji ni kipimo chake, na Marko 8:22–26 inatoa kipimo kigumu zaidi. Kipofu wa Bethsaida anaguswa mara ya kwanza, anaona watu, ila anawaona kama miti inayotembea. Hadi aguswe tena. Mara tu baada ya hapo Petro anamkiri Kristo, kisha anakemewa kwa kuikataa habari ya mateso. Petro si kipofu. Anaona nusu, na nusu hiyo inamtosha kumkaripia Bwana wake.

Hatari ya nusu hiyo inasomeka vizuri kwenye miteremko ya Mlima Meru. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipiga kambi Akeri, na Kapteni Johannes wa jeshi la Kijerumani alikuwa jirani na askari wake. Wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha wakavamia usiku. Wamisionari wakauawa pamoja na wasaidizi wao Wachaga. Kisasi cha Wajerumani kilikuwa kikali. Kanisa linawakumbuka wawili hao kama mashahidi wa imani, nalo lina haki. Lakini simulizi la wajumbe wa nuru kuuawa na watu wa giza linaruka swali moja: wenyeji waliona nini? Waliona wenye Biblia na wenye bunduki wakifika kwa wakati mmoja. Hawakukosea sana.

Mwaka 1951 upofu ulivaa suti. Serikali ya Kiingereza, ikifuata mapendekezo ya Jaji Mark Wilson, iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili walowezi wapate eneo la kufugia ng'ombe. Nyumba zikachomwa. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo Walutheri, waumini wa Kristo yuleyule aliyetajwa katika makanisa ya watawala. Kwenye ramani walikuwa kizuizi tu. Kirilo Japhet, Mmeru aliyewawakilisha waliofukuzwa, alipokwenda kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952, alidai ardhi, na pia alidai aonekane.

Huenda mwanateolojia mwenzangu akasema nimegeuza upambanuzi wa kiroho kuwa siasa ya mashamba. Sivyo. Mguso wa pili, kama ule wa kwanza, ni wa Kristo. Hakuna harakati wala elimu inayoweza kuuzalisha. Ila Marko anatuambia unavyotambulika: aliyeguswa anawaona watu kuwa watu. Nao Mafarisayo wa Yohana 9 wanabaki na hatia yao kwa sababu wanasisitiza kwamba wanaona.

Ndiyo maana mahubiri ya adui aliyefichika yananitia wasiwasi. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, ushahidi ukiwa macho yao mekundu, wakati macho hayo yameharibiwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Mchungaji anayeombea macho ya waumini wake yafunguliwe, kisha akawaacha warudi nyumbani wakimshuku bibi wa jirani, amewaacha kwenye mguso wa kwanza.