Ruzuku ya Nyumba, Sharti la Ulimi

Kabla Dublin haijawa na serikali yake, waliozikagua nyumba za maskini wa Ayalandi walikuwa maofisa wa serikali ya Uingereza. Sensa ya 1841 ilizipanga nyumba za nchi ile katika madaraja manne, na la mwisho lilikuwa la vibanda vya udongo vya chumba kimoja. Vibanda hivyo vilijaa hasa magharibi, kaunti za Donegal, Mayo, Galway na Kerry, kulekule ambako watu walikuwa bado wakilea watoto na kugombana kwa Kiayalandi.

Mwaka 1891 Arthur Balfour, waziri aliyesimamia mambo ya Ayalandi, aliunda Bodi ya Wilaya Zilizosongamana. Kipimo chake cha kuchagua maeneo kilikuwa cha fedha tu: thamani ya ardhi ya eneo, iliyokadiriwa kwa ajili ya kodi, ikigawanywa kwa idadi ya watu isizidi shilingi 30 kwa kichwa. Lugha haikuulizwa.

Bodi ilinunua mashamba, ikajenga magati, lakini jambo lake lililonivutia zaidi ni dogo. Kuanzia 1897 kamati za parokia zilipewa fedha kidogo za kuwagawia wenye nyumba mbovu. Kamati ilikuwa na mapadri na watu wa palepale. Mtu alisaidiwa kujenga banda ili ng'ombe atoke ndani, maana mifugo na wenyewe walilala chini ya paa moja. Mwingine alisaidiwa kuliondoa lundo la samadi mlangoni. Nafikiri hakuna mgao uliokuja baadaye uliomjua mpokeaji kwa karibu namna ile. Lakini wajumbe waliojua paa la nani linavuja walijua pia nani hapatani na padri.

Ayalandi ikajitawala 1922, na mwaka uliofuata Bodi ikavunjwa. Serikali mpya ilitaka kukifufua Kiayalandi, na wasemaji wake halisi walikuwa wale wale maskini wa magharibi. Tume ya mwaka 1925, chini ya Richard Mulcahy, ikapita ikihesabu wasemaji. Ripoti ya 1926 ilipendekeza kwamba palipo na wasemaji asilimia 80 au zaidi ndipo pawe Gaeltacht kamili, yaani eneo la Kiayalandi; kati ya 25 na 79, Gaeltacht nusunusu. Basi ulimi ukaingia kwenye hesabu ya matofali.

Sheria ya Nyumba za Gaeltacht ilipita 1929. Ilitoa ruzuku na mikopo ya kujenga nyumba na kukarabati zilizopo, pamoja na mabanda ya kuku na ya nguruwe. Msomaji asicheke. Mayai yalikuwa fedha ya mama wa nyumba, nguruwe akalipa kodi ya shamba, na wakishapata banda lao jikoni panabaki kwa watu.

Ugumu ulikuwa kwenye mkopo. Ruzuku haikutosha kumaliza nyumba, na mkulima wa Connemara, Galway, mwenye shamba la mawe alirejesha deni kwa fedha za ng'ambo: barua ya dada aliye Boston, au ujira wa kuchimba viazi Scotland. Waliokwenda viazini walilala mabandani. Septemba 1937 vijana kumi kutoka kisiwa cha Achill, Mayo, waliteketea kwa moto wakiwa wamelala katika banda la namna hiyo, mjini Kirkintilloch.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikaongezwa ruzuku nyingine, pauni 2 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule aliyekulia katika Kiayalandi. Mkaguzi alikuja kumhoji mtoto, na mzazi akasikiliza kama mtu anayesubiri hukumu. Jirani aliyekuwa maskini vilevile, ila wazazi wake walikuwa wamekwisha kuhamia Kiingereza, hakupata kitu.

Wengine walikataa kupimwa palepale kwenye mawe. Máirtín Ó Cadhain, mwalimu na mwandishi, na wenzake waliendesha kampeni ya kudai ardhi nzuri, na mwaka 1934 wajumbe wa Connemara wakapanda baiskeli hadi Dublin kumwona Éamon de Valera, mkuu wa serikali. Mwaka 1935 familia 27 zikahamishiwa Ráth Chairn, katika malisho ya kaunti ya Meath: kila moja nyumba mpya, ekari zipatazo 22, nguruwe na zana. Wenyeji wengine hawakuwapokea vizuri, kwani nao walikuwa na watoto wasio na ardhi. Serikali iliyowapeleka kule kwa ajili ya lugha yao ilikaa mpaka 1967 kabla ya kuitambua Ráth Chairn kuwa Gaeltacht.

Wizara ya Gaeltacht iliundwa 1956. Sheria ya nyumba ilirekebishwa mara kadhaa, na mafungu yakaelekea kwenye vyoo vya ndani, bafu, na vyumba vya kupokea wanafunzi wanaokuja kiangazi kujifunza lugha. Mama wa nyumba akawa na mapato makubwa kuliko yale ya mayai. Mpango ukasitishwa 2009, uchumi ulipoporomoka, na malipo ya watoto wanaosema Kiayalandi yakafutwa 2011.

Leo vijana wa Gaeltacht hawalii tena na vibanda vya udongo. Kuna nyumba za likizo zinazokaa tupu miezi mingi, na bei ya kiwanja imewapita. Kaunti ya Galway huweza kuweka sharti kwenye kibali cha ujenzi kwamba mkaaji awe msemaji wa Kiayalandi kwa miaka kadhaa, na kwa hiyo mtihani uliokuwa wa kumpa mtu ruzuku sasa ni wa kumruhusu ajenge kwa fedha zake mwenyewe.