Sita Waliochukuliwa na Upepo

Mnamo Mei 1928 watu 16 pamoja na mbwa mdogo aitwaye Titina waliruka kutoka Spitsbergen, kaskazini kabisa ya Norway, kuelekea Ncha ya Kaskazini. Chombo chao, Italia, kilikuwa puto kubwa refu lililojaa gesi, lenye injini. Kiongozi alikuwa Jenerali Umberto Nobile, Mwitaliano aliyelibuni mwenyewe. Walifika Ncha tarehe 24.

Kurudi ndiko kulikokuwa na balaa. Upepo uliwapinga, na asubuhi ya tarehe 25 chombo kikaigonga barafu. Chumba cha chini kikavunjika, watu kumi wakamwagika nje na mmoja wao akafa. Puto, likiwa sasa jepesi, likapaa tena na watu sita ndani yake.

Hebu fikiria hali hiyo. Fundi mkuu, Ettore Arduino, alikuwa miongoni mwa wale sita. Badala ya kupiga mayowe, alianza kuwatupia wenzake walioko chini kila alichoweza kukishika. Vyakula na vifaa vile ndivyo vilivyowaweka hai. Sijui ni wangapi kati yetu tungekumbuka wenzetu saa kama ile.

Giuseppe Biagi akatengeneza redio ndogo ya dharura. Siku zikapita, kimya. Tarehe 3 Juni kijana mmoja wa Urusi, Nikolai Schmidt, akainasa sauti yao kijijini kwake. Msako ukapamba moto. Roald Amundsen, ambaye alikuwa amekosana vibaya na Nobile, naye akaondoka kwa ndege kwenda kumtafuta. Hakurudi.

Tarehe 23 Juni rubani Msweden, Einar Lundborg, akatua penye hema lao. Nobile, aliyevunjika mguu na mkono, alitaka fundi Cecioni, naye majeruhi, atangulie. Rubani akakataa: ni jenerali au hakuna mtu. Nobile akapanda. Kwao Italia akalaumiwa kwamba nahodha amewaacha watu wake, akajiuzulu jeshini. Kwa maoni yangu lawama ile ilizidi, lakini hata yeye aliishi kujieleza mpaka alipokufa mwaka 1978.

Waliobaki waliokolewa na meli ya Kirusi Krasin, tarehe 12 Julai. Arduino na wenzake watano hawajaonekana hadi leo.