Desemba Nenda Diani, Kipupwe Njoo Gazi

Kila Desemba ni hadithi ileile. Foleni ya feri Likoni haina mwisho, Diani hupati chumba, na simu yako imejaa picha za mchanga uleule na madafu yaleyale. Sina neno na hilo, raha ni haki ya mtu. Lakini muulize huyohuyo aliyepiga picha Gazi ni wapi. Atakutazama kama umemuuliza swali la fizikia.

Basi leo nina hoja moja na nitaitetea. Kama unataka kuijua pwani yetu ya kusini, usije Desemba. Njoo kati ya Juni na Agosti, wakati wa kipupwe, hoteli zikiwa zimeshusha bei na kila mtu anasema "hakuna msimu". Ndiyo, na sisi tuna baridi yetu. Mtu wa Limuru atacheka akituona Msambweni tumevaa sweta kwa nyuzi 22. Acha acheke. Kusi inavuma, bahari imechafuka nje ya mwamba, mwani umejaa ufuoni, na miji midogo imerudi kwa wenyewe.

Halafu kumbuka kitu kimoja: miji hii ilijengwa na upepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi kuanzia mwisho wa mwaka, kusi ikayarudisha. Kusi ilipokuwa kali sana, katikati ya mwaka, nahodha mwenye akili hakutoka. Aliondoka mapema, mwezi wa Aprili hivi, au alingoja hadi Agosti ipungue. Aliyechelewa alikaa. Alipanga nyumba, aliswali na wenyeji, wengine walioa. Kwa hiyo kipupwe hakikuwa "msimu mbaya". Ulikuwa wakati wa mgeni kukaa kitako na kujuana na watu.

Ukitaka ushahidi, anzia Diani penyewe, ukiipa bichi mgongo. Pale Mto Mwachema unapoingia baharini, chini ya mibuyu, kuna Msikiti wa Kongo. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe, una karne kadhaa, na mpaka leo watu wanaswali ndani. Sio gofu la kupigia selfi. Ukienda, vaa kwa heshima na uombe ruhusa kabla ya kutoa simu.

Kisha panda matatu ushuke Gazi. Hapa ndipo nataka utulie, kwa sababu hii hadithi inaniuma.

Mwaka 1837 Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, aliwatoa Wamazrui madarakani Mombasa. Wengine wao walikwenda Takaungu, wengine wakaja Gazi. Huku ndiko Mbaruk bin Rashid alikokuja kuwa bwana mkubwa, akawasumbua masultani wa Zanzibar miaka na miaka. Halafu wakaja Waingereza. Tarehe 1 Julai 1895 walitangaza kwamba nchi hii iko chini ya himaya yao. Tarehe 17 Agosti, kipupwe hichohicho, Admirali Harry Rawson akaiteka Mwele, ngome ya Mbaruk iliyokuwa msituni upande wa bara.

Sasa mfuatilie huyo Rawson. Tarehe 27 Agosti 1896 yuko Zanzibar, manowari zake zinalipiga kasri la sultani. Ndiyo ile vita fupi kuliko zote duniani ambayo umeiona kwenye video, haikufika hata saa moja. Februari 1897 yuko Benin, Nigeria ya leo. Mji ukatekwa, sanamu zake za shaba zikachukuliwa na kutapakaa kwenye makumbusho ya Ulaya. Mtu mmoja, miezi 18, sehemu tatu.

Benin, dunia nzima inajua na sanamu zinadaiwa zirudi. Zanzibar, angalau kuna video. Mwele je? Askari wa Uingereza waliopigana pale walipewa nishani zilizochongwa ukingoni "Mwele" pamoja na mwaka. Yaani jina letu limehifadhiwa kwenye kabati za watu huko Uingereza, na sisi tunaopita njia ya Lunga Lunga kila wikendi hatulijui.

Mbaruk mwenyewe alivuka mpaka Aprili 1896 na wafuasi wake, akajisalimisha kwa Wajerumani, na akafia Dar es Salaam mwaka 1910. Na huo mpaka aliovuka ulikuwa na miaka 10 tu. Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886, wakaanzia mdomo wa Mto Umba, karibu na Vanga. Nchi ya Wavumba, waliokuwa na diwani wao na mji wao wa Vumba Kuu kabla ya mzungu yeyote kuchora mstari, ikakatwa katikati. Mpaka leo kuna watu ambao ndugu zao wa damu ni "wageni" kwa karatasi.

Lakini tusidanganyane, Mbaruk hakuwa malaika. Mashamba ya wakubwa wa Gazi yalilimwa na watumwa. Ndiyo maana safari haiishi Gazi, inakupeleka Shimoni. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akibanwa na Waingereza, alitia saini kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari. Biashara haikufa. Misafara ilihamia nchi kavu, ikifuata pwani hii kwenda kaskazini, hadi sultani akaipiga marufuku nayo mwaka 1876. Utumwa wenyewe ulikomeshwa kisheria hapa pwani mwaka 1907. Ukiingia kwenye pango la Shimoni na kumsikiliza mwenyeji akieleza yale waliyoachiwa na wazee wao, unaelewa kwamba 1907 sio zamani sana. Bibi ya bibi yako alikuwa hai.

Na hapo ndipo kipupwe kinapofanya kazi. Desemba, anayekutembeza ana makundi mengine yanangoja nje, anakupa dakika chache na tarehe mbili tatu. Julai uko peke yako. Unauliza, anajibu, anamwita mzee jirani aongezee, mzee anakataa nusu ya aliyoyasema mwenzake, na hapo ndipo historia inaanza. Vuka Wasini, kisiwa kisicho na gari hata moja, usikilize Kivumba kikizungumzwa. Usicheke lafudhi ya mtu. Lugha hiyo ilikuwa hapa kabla ya Kiswahili chako cha shule.

Kuna na suala la pesa, tuliseme wazi. Shilingi 500 yako Desemba ni tone baharini. Julai inaonekana. Gazi kuna daraja la mbao kwenye mikoko linaloendeshwa na kina mama wa kijiji, na tangu 2013 kijiji kinauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko hiyo kupitia Mikoko Pamoja. Wameshajipanga. Wanachokosa ni sisi, watoto wa Mombasa na Nairobi tunaojua njia ya klabu tu.

Mambo machache kabla hujatoka. Kuvuka Wasini nenda asubuhi kabla upepo haujashika, na usikubali kupanda boti bila jaketi la kuokolea. Ukipitia Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2008, utafungwa kaniki nyeusi kiunoni. Funga, usibishane. Na ukimrekodi mzee, mwombe kwanza, kisha mrudishie nakala. Hadithi ni yake, wewe umeazimwa.

Kwa hiyo Julai hii, Likoni foleni ikiwa fupi, panda gari la Lunga Lunga. Mbele ya Ukunda, kabla ya Msambweni, mwambie makanga: "Gazi, shukisha." Ukifika, muulize mtu mzima yeyote Mwele iko upande gani. Akikuonyesha, nitumie.