Akiba

Katika CMake, mfumo wa kuunda programu uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2000 na unaotumika kwenye Linux, Windows na macOS, neno akiba linalifaa sana faili la CMakeCache.txt, ambamo huandikwa kompaila iliyochaguliwa, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, na mahali maktaba zilipopatikana. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hii huoza: toleo jipya la maktaba likisakinishwa kwingine, mfumo hung'ang'ania njia ya zamani, na mtaalamu hupoteza siku nzima akisaka kosa katika msimbo usio na hatia. Faili hilo lifutwe kwanza, au, kuanzia toleo la 3.24, amri ya cmake ipewe chaguo la --fresh, linalofanya usanidi uanze upya.