Jacques Djoli: mwalimu wa katiba ndani ya Bunge, na hesabu inayogusa Likasi

Jacques Djoli Eseng'Ekeli ni profesa wa sheria ya katiba. Alikuwa seneta, pia makamu wa rais wa CENI wakati wa uchaguzi wa 2011. Mwaka 2024 alichaguliwa raportere wa Bunge la Taifa. Kitabu chake kinaeleza safari ya katiba za Kongo.

Safari hiyo ni ya kwenda na kurudi. Mwaka 1960 nchi ilikuwa na majimbo 6. Katiba ya Luluabourg ya 1964 ilitambua 21, lakini Mobutu aliyapunguza mwaka 1966. Katiba ya 2006 iliweka 26, Kinshasa ikiwemo. Katanga yenyewe iligawanywa mwaka 2015: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika.

Na Likasi? Mji huu, wenye komini za Likasi, Kikula, Panda na Shituru, una haki zake kisheria. Kifungu cha 175 cha katiba kinasema jimbo libakize 40% ya mapato ya taifa palepale yanapokusanywa. Sheria ya 2008 inapatia miji, komini, sekta na shefferi 40% ya fungu hilo. Yaani kwenye franga 100, 16 ni za kwao. Kodi ya madini, kwa sheria ya 2018, inawapatia 15%.

Kwa vitendo, makuta hupitia Kinshasa kwanza, ndipo irudishwe, tena pole pole. Ndiyo maana barabara na soko vinangoja. Raia anayejua hesabu hii anaweza kumuuliza mbunge wake: zetu ziko wapi?