Kutoka Tandale Hadi Salenda: Nani Aliyeilinda Bahari ya Dar?



Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa mwaka 2022, maharusi wa Dar es Salaam walipata pahala papya pa kupigia picha. Zaidi ya kilomita moja juu ya bahari, upepo unachezea shela, nyuma maji ya buluu. Mashallah. Karibu yake lipo daraja la zamani, Salenda, lililojengwa mwaka 1929 na kupewa jina la John Einar Selander, mkurugenzi wa kazi za umma wa serikali ya mkoloni. Upande huo haupigwi picha sana. Chini ya Salenda ndipo Mto Msimbazi unapoingia baharini, na unaingia na kila ulichokipakia njiani.

Sisi wa visiwani tusijione tuko mbali. Mkondo wa bahari kwenye pwani hii hupanda kaskazini mwaka mzima, na kaskazini ya Dar ni Bagamoyo na mkondo wa Unguja. Kwa hiyo historia hii inatuhusu, ingawa inaanzia uswahilini bara, Tandale.

Tandale ni kata ya Kinondoni: Kwa Tumbo, Pakacha, Mkunduge, Mtogole, Muharitani, Sokoni. Wengi wetu tunaijua kwa soko lake la nafaka, na vijana wanaijua kwa Diamond. Nyumba zilijengwa kwa kubanana, mji ulikua kuliko ramani yake, na gari la taka halina pa kupita. Pembeni unapita Mto Ng'ombe, unaoshuka Mwananyamala na kuishia kwenye Msimbazi. Mtu asiye na gari la taka lakini ana mto, dada, atafanya nini?

Na si taka za jikoni tu. Mashimo ya vyoo yakijaa, na gari la kunyonya halifiki au bei yake haifikiki, mwenye nyumba husubiri mvua kubwa. Kisha choo "kinatapishwa": shimo linatobolewa pembeni, maji ya mvua yanabeba. Kazi yenyewe hufanywa usiku na watu wanaoitwa vyura, ambao huingia shimoni kwa miili yao. Tunaliandika hili bila kuficha kwa sababu dini yetu nayo haikulificha. Mtume (s.a.w.) ametutahadharisha na kujisaidia penye maji wanayoyaendea watu, njiani na kivulini, akayahesabu kuwa ni mambo yanayoleta laana. Na katika Sura Ar-Rum, aya ya 41, Mwenyezi Mungu anatueleza kuwa uharibifu wa nchi kavu na baharini umetokana na mikono ya watu.

Lakini mikono ya nani? Hapo ndipo historia ya Dar inapovutia, na inapouma.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishitaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu, Kesi ya Madai Namba 299. Jiji lilikuwa likimwaga taka kwao (sisi twasema jaa, wenzetu wa Dar wanasema dampo), zikiwaka moto, moshi, harufu na inzi mpaka ndani ya chandarua. Wakazi walishinda. Jiji likaamriwa liache, lakini likarudi mahakamani kuomba liongezewe muda. Jaji Lugakingira akakataa. Alishangaa waziwazi kuona mamlaka ya umma inakuja kuomba kibali cha kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, akaikumbusha ibara ya 14 ya Katiba, ya haki ya kuishi. Wanasheria wa mazingira wanaitaja hukumu hiyo mpaka leo.

Jiji likahamia Kunduchi Mtongani, upande wa pwani. Huko nako mwaka 1991 wakazi 795 wakaenda mahakamani, nao wakashinda.

Tungependa kuishia hapo kwa takbiri. Ila taka hazikupotea. Zilikwenda Vingunguti, ukingoni mwa bonde la Msimbazi, na kila mvua iliponyesha dampo lilikuwa na njia yake ya kwenda baharini. Waliokuwa na uwezo wa kusimama mahakamani walizisukuma taka kwa wasiokuwa nao, na mwisho wa wasiokuwa nao ulikuwa mto. Hatuwalaumu Tabata; mama yeyote angefanya hivyo kwa ajili ya watoto wake. Tunasema tu kwamba ushindi wa mtaa mmoja haukuwa ushindi wa bahari.

Juhudi nyingine haikupita mahakamani, na ndani yake walikuwemo wanawake wengi. Miaka ya 1990 Hananasif, mtaa wa chini kabisa karibu na Salenda, wakazi walichimba na kujenga mitaro ya mvua kwa mikono yao katika mradi uliosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani. Hawakutumwa kujitolea tu: walilipwa, wakafundishwa ufundi, wakawa na kamati yao. Halafu mwishoni mwa muongo huo Jiji likaruhusu vikundi vya mitaa na kampuni ndogondogo kukusanya taka nyumba kwa nyumba na kutoza ada. Wanawake wakaingia barabarani na mafagio, makoleo na mikokoteni. Ilikuwa kazi ya kudharauliwa, na kudai ada kulikuwa kugumu kuliko kufagia, kwani mwenye nyumba anayetupa mtoni halipi kitu na mto haumdai.

Tandale yenyewe ilipata jambo ambalo hatukulitarajia: ramani. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi pamoja na wakazi walipita vichochoroni na vifaa vya GPS, wakaandika vyoo vilipo, mitaro, mabomba ya maji, na mahali taka zinapolundikana. Kwa macho ya mji, mtaa usio na ramani ni kama haupo. Huwezi kudai mtaro ambao hakuna karatasi inayoonyesha kuwa umeziba. Desemba ya mwaka huohuo ikaja mvua kubwa, Dar ikafurika, zaidi ya watu 40 wakafariki, na wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2015 kazi hiyo ya ramani ikapanuliwa kata nyingi za Dar kwa jina la Ramani Huria.

Mwaka huo wa 2015 pia kipindupindu kililipuka Kinondoni mwezi wa Agosti, na Tandale ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo kuguswa. Hakikukaa Dar. Kilifika na kwetu Zanzibar. Anayedhani mto wa Tandale ni habari ya watu wa Tandale na aulize waliouguza mwaka ule.

Tunaloweza kujivunia ni mifuko ya plastiki: Zanzibar tuliipiga marufuku mwaka 2006, bara wakafuata tarehe 1 Juni 2019. Kikapu cha ukili kikarudi sokoni kwa heshima zake. Lakini ukumbini bado tuna mlima wa chupa za maji na sahani za kutupa, na mabibi harusi, hili liko mikononi mwenu. Biriani la sinia, watu wanne wamelizunguka, ni sunna ya kula pamoja na halibakishi sahani hata moja ya kwenda jaani. Somo yako akikuambia ni ushamba, mwambie asubiri kuona bili ya sahani.

Kwa Mto Ng'ombe kulikuja mradi wa DMDP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukajenga kingo za zege kuzuia mafuriko. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inakataza ujenzi na shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, sheria ambayo ingetekelezwa herufi kwa herufi ingeziondoa nyumba za ukingoni Tandale. Kingo zimewapumzisha watu na maji ya kuingia chumbani, alhamdulillahi. Ila zege halichuji kitu. Chupa iliyokuwa ikinasa kwenye matope ya Tandale sasa haina kinachoizuia kushuka Msimbazi, na mama mwenye mkokoteni bado anagonga milango kudai ada yake.