Kichocheo: Kinachoshika na Kuachia

Gunia la urea analonunua mkulima wa Njombe au wa Kitale limeandikwa asilimia 46 ya nitrojeni. Nitrojeni hiyo ilichukuliwa hewani, ikaunganishwa na haidrojeni kuwa amonia, na muungano huo ulifanyika juu ya chembe za chuma ambazo hazimo ndani ya gunia. Chuma kilibaki kiwandani, na kesho yake kikaendelea na kazi ileile. Kitu cha namna hiyo, kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kumalizwa na mmenyuko huo, ndicho tunachokiita kichocheo.

Neno limetoka jikoni. Kuchochea ni kusogeza kuni na kufukua majivu ili hewa ipite na moto ukolee, na umbo la ki- mwanzoni na -o mwishoni linatupa kifaa cha kutendea, kama katika kifuniko na kizibo. Wazungu walipita njia nyingine. Jöns Jacob Berzelius, mkemia wa Sweden, alipolipa jambo hili jina mwaka 1835 aliazima neno la Kigiriki lenye maana ya kulegeza au kufungua. Alijua jambo lipo, hakujua linavyotendeka. Baadaye Wilhelm Ostwald, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1909, akaliwekea mpaka tunaoufuata hadi leo: kichocheo hubadilisha kasi ya mmenyuko, hakibadilishi mahali mmenyuko unapoishia.

Ukoo wa neno hili unahitaji uangalifu kidogo. Waganga na wauguzi husema vichocheo wakimaanisha homoni, na si kosa, ila mwandishi wa sayansi afadhali aseme homoni palepale asije akachanganya mambo mawili. Vichocheo vya ndani ya viumbe hai, kama vile vilivyomo katika mate na tumboni, vina jina lao zuri: vimeng'enya. Na tukitaka kutaja tendo lenyewe, tuseme uchocheaji. Uchochezi tuwaachie polisi na mahakama, maana huko ndiko neno hilo limekwishaweka makazi.

Hata hivyo, picha ya moto ina upungufu mmoja ambao mwalimu yeyote wa kemia lazima aueleze. Kijiti cha kuchochea moto hakiungani na kuni. Kinagusa tu na kuondoka. Anayekariri maana ya kichocheo kwa picha hiyo peke yake ataamini kwamba chuma cha kiwanda cha amonia kinasimama pembeni kama mtazamaji. Ukweli ni kinyume kabisa. Kichocheo huingia katika mmenyuko kwa mwili wake wote: hushika molekuli, huungana nazo, hulegeza vifungo vyake, kisha huziachia zikiwa kitu kipya. Kusema kwamba hakitumiki si kusema kwamba hakishiriki. Mtu aliyetumia maisha yake ya utafiti kutuonyesha hilo hatua kwa hatua ni Mjerumani Gerhard Ertl.

Ertl alizaliwa Stuttgart tarehe 10 Oktoba 1936. Alisomea fizikia, na mlezi wake wa kitaaluma, Heinz Gerischer, akamvuta kwenye somo la nyuso, yaani pale kitu kigumu kinapokutana na gesi au kimiminika. Miaka ya 1960 somo hilo lilikuwa gumu kwa sababu ya kawaida kabisa: uso safi haukai safi. Hata hewa ikipunguzwa mpaka sehemu moja ya bilioni ya ile tunayoivuta, molekuli zilizobaki zinaweza kuufunika uso wa metali kwa muda wa sekunde moja hivi. Unapoanza kupima, unapima uchafu. Mitambo ya ombwe kali iliyokuja na tekinolojia ya nusukipitishi ndiyo iliyofungua mlango. Ertl alichukua fuwele moja ya metali, akaikata ili atomu zake zijipange kwa mpango unaojulikana, akaisafisha ndani ya ombwe, akaingiza gesi kidogo kidogo na kuimulika kwa miale ya elektroni ili aone kila kitu kimekaa wapi.

Alifundisha Hannover, kisha Munich, na mwaka 1986 akashika uongozi wa idara katika Taasisi ya Fritz Haber mjini Berlin, akamrithi Gerischer yuleyule. Jina la taasisi hiyo linaturudisha kwenye amonia. Haber alionyesha mwaka 1909 kwamba nitrojeni na haidrojeni zinaweza kuunganishwa kwa mgandamizo mkubwa. Alwin Mittasch wa kampuni ya BASF akajaribu maelfu ya michanganyiko akitafuta kichocheo cha bei nafuu. Na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kazi kwa kutumia chuma kilichotiwa viungo vichache, potasiamu ikiwa kimojawapo. Dunia ililishwa kwa mbolea hiyo zaidi ya miaka 60 kabla ya mtu yeyote kuweza kusema kwa uhakika nini kinatokea juu ya chuma kile.

Swali lilikuwa hili. Atomu mbili za nitrojeni hewani zimefungwa kwa kifungo cha mikono mitatu, mojawapo ya vifungo vikali kuliko vyote katika kemia. Je, haidrojeni huanza kujishikiza kwenye molekuli ikiwa bado nzima, au chuma huipasua molekuli kwanza? Ertl na wenzake waliupima uso wa chuma na kukuta atomu za nitrojeni zilizotengana. Kila haidrojeni ilipozidishwa, atomu hizo zilipungua usoni. Basi ndizo zilizokuwa zikiliwa. Nitrojeni hupasuka kwanza, na hiyo ndiyo hatua ya polepole inayoamua kasi ya kiwanda kizima. Kisha haidrojeni hujiunga moja, ya pili, ya tatu, na amonia huondoka ikiuacha uso wazi. Potasiamu nayo ilionekana kazi yake: huupa uso wa chuma elektroni zaidi, nitrojeni ikashikwa vizuri zaidi na kupasuka kwa urahisi.

Wapo waliotilia shaka. Matokeo ya ndani ya ombwe yangewezaje kueleza tanuri lenye mgandamizo wa mara mamia wa hewa? Mwaka 1985 Wadenmark wawili, Stoltze na Nørskov, walichukua vipimo vya aina hiyo vya maabara, wakapiga hesabu, na kasi waliyoipata ikalingana na ya viwandani. Kwangu mimi hilo ndilo jibu bora ambalo sayansi ya msingi inaweza kumpa anayeuliza faida yake.

Kazi nyingine ya Ertl tunaipanda kila siku barabarani. Katika bomba la moshi la gari kuna kifaa ambacho Tanzania mafundi na wanunuzi wa vyuma chakavu hukiita masega, kwa kuwa ndani kimetobolewa matundu kama sega la nyuki. Kuta za matundu hayo zimepakwa platini, paladi na rodi. Juu ya platini, kaboni monoksidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, hukutana na oksijeni na kuwa kaboni dioksidi. Ertl alionyesha kwamba kaboni monoksidi ikijaa usoni oksijeni hukosa pa kutua, kwa sababu molekuli ya oksijeni inahitaji nafasi za kupasukia. Lazima joto liiondoe kwanza sehemu ya kaboni monoksidi. Ndiyo maana masega hayafanyi kazi injini ikiwa baridi. Risasi iliyokuwa ikitiwa ndani ya petroli iliyaua masega kabisa, kwani hushika uso na haiachii. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006. Anayeng'oa masega leo na kuyauza kwa ajili ya platini anawaachia wapita njia moshi ambao tayari ulikuwa umepatiwa dawa.

Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2007 alipewa Ertl peke yake, na ilitangazwa siku aliyotimiza miaka 71.

Sasa neno kichocheo linasikika sana katika habari za nishati safi, na hapa maana yake sahihi ina thamani ya fedha. Haidrojeni nyingi duniani bado inatolewa kwenye gesi asilia, na kaboni dioksidi hutoka pamoja nayo. Njia safi ni kuyapasua maji kwa umeme wa jua, upepo au maporomoko. Kinadharia kazi hiyo inahitaji volti 1.23. Kwa vitendo inahitaji zaidi, kwa sababu kuna kizingiti cha kuvuka juu ya uso wa metali, na ziada hiyo hupotea kama joto. Platini na iridi hupunguza kizingiti, lakini ni adimu na ghali, ndiyo maana watafiti wanahangaika kutafuta nikeli, chuma au molibdeni zinazoweza kushika na kuachia kwa kiasi kilekile kinachofaa. Kikishika mno, uso unaziba. Kikishika kidogo mno, hakuna kinachopasuka.

Lakini hakuna kichocheo, cha leo wala cha kesho, kitakachoshuka chini ya ile 1.23. Mpaka wa Ostwald haujahama: kichocheo kinafupisha safari, nishati lazima itoke kwingine. Kwa hiyo, msomaji, akija mtu kukuuzia kifaa cha kuendesha gari au jenereta kwa maji matupu, akataja kichocheo cha siri, muulize swali moja tu: umeme wa kuyapasua maji hayo unatoka wapi? Akikosa jibu, funga mkoba wako.